Jumanne Bila Udi

Jumatano, 9 Aprili

Daftari hili nimelinunua Darajani leo asubuhi kwa sababu moja tu: siku wakiniondoa kazini, niwe na tarehe. Mtu mwenye tarehe habishiwi ovyo.

Meneja mpya ameanza baada ya Idi. Anaitwa Tahir, hata arubaini hajafika, na viatu vyake havitoi mlio. Mara mbili leo nimegeuka nikamkuta yuko nyuma yangu. Amenisalimia vizuri, shikamoo yake imenyooka, kisha akaniuliza udi ninaochoma kwa siku ni kiasi gani na ninauchoma vyumba gani. Miaka kumi na tisa nipo mlangoni pa Nyumba ya Bi Mwanakheir. Watu huja kutazama wazee waliishi vipi ndani ya nyumba zao, na mimi ndiye ninayewapokea, chetezo mkono wa kushoto, mrashi mkono wa kulia. Hapandi mtu ngazi kabla sijamfukiza na kumnyunyizia marashi. Wapo wageni waliorudi baada ya miaka kumi wakaniambia walichokumbuka Unguja nzima ni harufu ya ukumbi wangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kiasi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Tahir amezunguka nyumba nzima na simu mkononi. Anasimama katikati ya chumba, anaitazama simu, anaandika, anahamia chumba cha pili. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anapima kelele.

Mimi nimezaliwa mji huu. Watu wanaopima nyumba za Mji Mkongwe nawajua wanapima kwa ajili gani. Wanaanza na simu, wanamaliza na kibao cha hoteli juu ya mlango.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Wageni wanne. Kapima tena.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumeitwa kikaoni, mimi, Pandu mkata tiketi na wasichana wawili wa usafi. Tahir anasema kuanzia kesho kila Jumanne, saa mbili mpaka saa nne asubuhi, itakuwa saa ya utulivu. Muziki wa ukumbini unazimwa. Taa kali zinazimwa. Chumba cha nyuma kinawekwa mito na mkeka, mtu akizidiwa akapumzike. Na udi hauchomwi. Eti wako watu ambao sauti, mwangaza na harufu zinawaumiza kama sisi tunavyoumizwa na kuungua.

Nikamwambia mgeni kuingia nyumba hii bila udi ni sawa na kuambiwa hukutarajiwa. Akasema ananielewa, ni saa mbili tu kwa wiki. Nikamwambia miaka kumi na tisa sijamwona hapa hata mmoja wa hao watu wake.

"Ndo maana hujawaona, Bi Bashira," akasema, kwa upole wake ule, na wasichana wakainamisha vichwa wasicheke.

Baada ya kikao Pandu akanivuta pembeni. Amemwona Tahir juzi amesimama kichochoroni na bwana mmoja wa miwani, wanaitazama nyumba kutoka nje, wanaonyeshana dari. Pandu hupenda habari mbaya kama wengine wapendavyo urojo, lakini hili nimeliamini.

Jumanne, 15 Aprili

Saa ya utulivu. Hakuja mtu. Nilikaa ukumbini mikono mitupu saa mbili nzima, na sikuficha furaha yangu.

Jumanne, 22 Aprili

Wamekuja wawili.

Mmoja anaitwa Mwanapili, wa Kikwajuni, mtu wa kauli nzuri. Wa pili ni dada yake, Hija. Huyo ana kama miaka arubaini, amevaa miwani nyeusi ndani ya nyumba, na masikioni ameweka vile vidude vikubwa kama vya watu wa uwanja wa ndege. Nikampa mkono. Akautazama mkono wangu kama kitu kilichodondoka njiani, akapita. Nikatoa salamu. Hakujibu. Katika mji huu hata waliogombana wanaitikiana salamu, kwa hiyo machale yakanicheza.

Nikawafuata kwa mbali. Hija anatembea kwa hatua za sawasawa kutoka ukuta hadi ukuta, midomo inamchezacheza. Akifika mwisho anasema namba, na Mwanapili anaiandika katika daftari. Chumba cha bibi harusi nimemsikia kwa masikio yangu: "Kumi na saba." Walipoondoka nikakipima mwenyewe kwa miguu. Ni hatua kumi na saba.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemweleza Pandu. Anasema siku hizi wanunuzi hawaji wenyewe, wanatuma wanawake ili watu wasishtuke.

Jumanne, 29 Aprili

Wamekuja tena, saa ileile. Hija amepita vyumba vilevile kwa mpango uleule: ukumbi, jiko, uwani, ngazi, chumba cha bibi harusi. Mwisho akasimama mbele ya mlango mkubwa, akapitisha kidole juu ya kila msumari wa shaba, mmoja mmoja, nusu saa nzima. Kisha akasema, si kwangu, kwa mlango: "Mia na kumi na mmoja. Mmoja haupo."

Nikasubiri waondoke, nikahesabu. Ni kweli, chini kulia pana tundu tupu. Mimi nimeufungua na kuufunga mlango ule miaka yote hii na sikujua. Mtu gani anahesabu misumari ya nyumba isiyo yake, kama si mtu anayeandika kasoro apunguziwe bei?

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimepata ushahidi. Nilipeleka chai ofisini, Tahir hayupo, na juu ya meza kuna mchoro wa nyumba. Kila chumba kimepakwa rangi. Chumba cha nyuma buluu, uwani manjano, na ukumbi, ukumbi wangu, mwekundu wote. Pembeni, kwa mwandiko wake, limeandikwa jina: Bi Bashira.

Nikaiacha chai palepale. Basi wameshagawa vyumba, na mimi ni kitu cha kwanza kuondolewa. Nitawajaribu. Nimeshaamua vipi.

Jumanne, 6 Mei

Nimeandika tarehe, kisha nikaitazama muda mrefu bila kuongeza neno. Haya, naandika.

Nilifika saa moja, kabla ya wote. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kama ni wanunuzi, moshi hautawashinda, mtu anayetaka nyumba haikimbii kwa harufu. Kama si wanunuzi, wataondoka zao na mambo ya Jumanne yatakwisha. Kwa vyovyote mimi nafaidika. Nikatia makaa katika chetezo, nikatia udi, nikazidisha ubani juu yake. Nikakiweka chumba cha bibi harusi nyuma ya kitanda, nikafunga madirisha na mlango. Nikashuka ukumbini, nikakaa kama mtu mwema.

Saa mbili na robo wakaja. Ukumbi, jiko, uwani, ngazi. Nilikuwa nyuma yao. Katikati ya ngazi Hija alipunguza mwendo, akageuza kichwa, lakini dada yake alikuwa ameshatangulia na kusukuma mlango, na moshi wote uliokuwa umejifungia mle ndani ukawatokea usoni.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu kwangu. Alikaa chini palepale kizingitini, magoti kifuani, akaanza kusema kwa sauti ya mtoto mdogo, maneno yaleyale, bila kupumzika: "Sina pepo. Sina pepo. Nifunueni." Kila akifika kwenye kufunuliwa alikuwa anavuta ushungi wake, anavuta miwani, anavuta hewa mbele ya uso wake, na hakuna kitu kilichomfunika.

Nikasogea nimshike mabega, maana mtu akianguka kwetu hushikwa. Mwanapili akaniwekea mkono kifuani. "Usimguse. Toa moto. Toa moto kwanza."

Nikaingia, nikakishika chetezo kwa mikono mitupu, nikashuka nacho mbio hadi uwani, nikakitupa mvuani. Vidole vinne vimeungua, ndiyo maana mwandiko wa leo ni mbaya. Niliporudi Tahir alikuwa ameshafungua madirisha yote. Amemwambia Pandu asiingize mtu, na yeye mwenyewe amekaa chini kabisa kwenye ngazi, mgongo kwetu, kimya. Alijua la kufanya. Hata hilo, kwa wakati ule, lilinikera.

Ilichukua saa nzima. Hija alipoweza kusimama aliteremka ameshika ukuta, na hakuhesabu chochote. Wakampandisha kwenye gari la jirani yao. Mwanapili akarudi kuchukua miwani iliyobaki ngazini, akanikuta uwani nimetia vidole kwenye ndoo ya maji. Nilimuuliza, kwa sababu sikuweza kutouliza.

Hija alikuwa na miaka saba, akasema. Kelele zilikuwa zinamuuma, wageni wakija anaingia mvunguni, akiguswa analia. Wazee wakasema huyu ana pepo. Wakampeleka kwa mganga, akafunikwa kaniki, na ndani ya kaniki akawekewa chetezo cha ubani, siku tatu. Alipofika miaka kumi na moja wakampeleka tena.

"Mama alikuwa anampenda, Bi Bashira. Ndo maana alimpeleka."

Tangu hapo Hija hajaingia harusini, hajaingia msibani, Idi hatembelei mtu. Nyumba gani ya Unguja haina chetezo? Mama yao alipofariki, Hija hakuweza hata kukaa ndani kwenye matanga ya mama yake mwenyewe, alikaa kwenye banda la kuku la jirani. Tahir alimpelekea picha ya kila chumba na ahadi ya maandishi kwamba hakutakuwa na moshi. Alizitazama picha wiki mbili, kisha akasema nipelekeni. Hii ilikuwa nyumba ya watu ya kwanza aliyoingia kwa khiari yake.

Nikauliza lile daftari ni la nini. Akanifunulia. Hatua, misumari, vidato vya ngazi, hatua. Hakuna kingine. "Nnamsomea jioni," akasema. "Anatulia."

Hakuuliza nani aliyewasha, na mimi sikusema.

Jumatano, 7 Mei

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa vidole.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemkuta Pandu anakunja shuka lake na kikombe chake anavitia kwenye mfuko. Kwa kawaida yeye ndiye hufika wa kwanza asubuhi, kwa hiyo Tahir amedhani ni yeye. Na Pandu, ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimjue, alikuwa amenyamaza. Alijua ni mimi. Nilimdharau mtu huyu miaka mingi kwa mdomo wake.

Nikaingia ofisini nikasema. Sikuzunguka: udi niliwasha mimi, ubani nilizidisha mimi, nilidhani mnaiuza nyumba. Yule bwana wa miwani, akasema Tahir, ni fundi wa dari, kwani dari linavuja. Kisha akautoa mchoro. Ni ramani ya kuwapa wageni kabla hawajaja, wajue wajiandae na nini na wapi. Buluu ni pa kupumzika. Manjano ni mwangaza mkali. Nyekundu ni harufu kali.

"Jumanne sichomi," nikamwambia. "Kwa nini ukumbi uwe mwekundu?"

Akatazama meza. "Kwa sababu wewe umo, Bi Bashira."

Nikatoka na kinyongo. Niliona ananilipizia kwa maneno, na kwamba ananiacha kazini ili anitukane vizuri. Hija hatakuja tena, amesema Tahir. Dada yake amepiga simu. Amejifungia chumbani, na dirisha hataki lifunguliwe.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Saa mbili mpaka saa nne, hakuna mtu. Safari hii sikufurahi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimekwenda Kikwajuni kuomba radhi. Nilioga mara mbili, nikavaa buibui safi niliyoitoa sandukuni, nikabeba mkate wa kumimina. Nilitaka niende uso kwa uso, nimwambie mwenyewe.

Mwanapili akafungua mlango nusu. Shikamoo, marahaba. Nikaanza kusema, na nilipofika kwenye "aliyewasha ni mimi" akafumba macho kidogo, akasema alikuwa ameshajua tangu siku ile, kwa vidole vyangu. Nikapiga hatua nisogee.

"Simama hapo hapo, Bi Bashira. Tafadhali."

Na kutoka ndani, mlango wa pili, nikasikia sauti ya Hija, imebanwa: "Nani kaleta moto?"

Sikuwa na moto. Nilikuwa na mkate. Nikausogeza mkate kizingitini, nikarudi nyuma hadi barabarani, na njia nzima ya kurudi kwangu Bububu nilikuwa nanusa mikono yangu na mkono wa buibui, na sikusikia harufu yoyote. Ndipo nilipoogopa. Buibui ile hukaa sandukuni na vipande vya udi tangu siku niliyoinunua, na pua yangu haiusikii tena kama mtu asivyosikia pumzi zake.

Jumapili, 18 Mei

Nimefua kila kitu kwa sabuni ya mche. Khanga, mitandio, mapazia, foronya. Nywele nimeziosha kwa ndimu. Chetezo cha nyumbani nimekifungia. Jirani yangu Nadra amekuja kuuliza kama nimefiwa, maana nyumba yangu hainukii. Nikamwomba aninuse kichwani na mabegani. Akacheka, kisha akaona sicheki, akaninusa.

"Bado unanukia harusi, Bi Bashira."

Jumanne, 20 Mei

Nimeandika barua ya Hija, nikampa Tahir aipeleke. Nimetumia maneno machache, kwa sababu yeye naona hupenda vitu vinavyohesabika. Vyetezo viwili, vimefungiwa kabatini, ufunguo anao Tahir. Madirisha yamekuwa wazi siku kumi na nne. Aliyewasha ni mimi peke yangu, si nyumba. Msumari uliokosekana nimepata wa kufanana nao, nimuulize kwanza kabla sijampa fundi augonge.

Alhamisi, 22 Mei

Jibu limekuja kwa simu ya Mwanapili. Maswali mawili. La kwanza: makaa je? La pili: msumari usiwekwe, hesabu yake itaharibika.

Nimelibeba gunia la makaa mwenyewe hadi nje, nikampa muuza kahawa. Tahir amepiga picha stoo tupu na kuituma. Jioni likaja neno moja la Mwanapili: Hija atakuja mpaka mlangoni. Mlangoni tu.

Jumanne, 27 Mei

Nilisimama ukumbini tangu saa moja na nusu. Nguo nimezianika siku nne upepo wa Bububu, sijapaka mafuta, sijafunga asumini. Nilijiambia nitasimama mbali, sitatoa mkono, nitasema karibu mara moja, polepole. Miaka kumi na tisa ya kupokea watu, nilikuwa nafanya mazoezi ya neno karibu.

Wakaja. Hija akasimama kichochoroni, hatua kumi hivi kutoka mlangoni. Akaweka mkono puani.

"Moto upo," akasema.

"Haupo, dada. Umeonyeshwa picha."

"Upo." Akanyoosha kidole ndani, sawasawa, kwangu. "Umesimama."

Neno langu la karibu sikulitoa. Nyuma yangu nikahisi Tahir amekuja na viatu vyake visivyo na mlio, na sikugeuka, kwa sababu sikutaka anione nalia. Niliwaza maneno mengi ya kujitetea. Kwamba hii ni kazi yangu. Kwamba mwenye nyumba hatoki kwa ajili ya mgeni. Kisha nikamtazama yule mwanamke, amesimama na ile pua yake imezibwa, mvua inampiga mabegani, na bado hajaondoka. Alikuwa anangoja. Mimi ndiye niliyekuwa kati yake na ngazi.

Nikavua funguo kiunoni nikampa Tahir. Nikapita jikoni, nikatoka mlango wa nyuma, nikazunguka mpaka kwa muuza kahawa, kutoka pale naona mlango wetu kwa pembeni. Hija alikaa kichochoroni dakika nyingi. Kisha akaingia. Nilihesabu hatua zake mpaka zikanipotea.

Jumanne, 3 Juni

Mvua imepungua, inadondoka tu. Leo sikungoja wafike. Madirisha ya ukumbi yamelala wazi tangu jana, na Pandu amelala palepale, kwa kujitolea, akilinda. Asubuhi nimefagia, nimepangusa kiti changu kwa maji ya chumvi, nikafungua mlango mkubwa pande zote mbili, na saa mbili kasoro robo nikaondoka. Nimekwenda Forodhani, nikakaa kwenye benchi lililoloa mpaka saa nne, mikono mapajani. Watu wawili wanaonijua walipita wakaniuliza kama nimeacha kazi. Nikawaambia hapana, niko kazini.

Niliporudi Tahir alikuwa ananingoja ukumbini. Hija amepita vyumba vyote, akasema, kisha amepanda hadi darini, ambako hajawahi kufika. Kabla ya kutoka amesimama mbele ya kiti changu, akauliza mwenyewe yuko wapi. Tahir akamjibu kwamba ni kiti cha Bi Bashira, ametoka ili yeye apate kuingia, na anasema karibu.

"Akasema nini?"

"Akasema, mwambie nshakaribia."

Nilimtazama Tahir usoni muda mrefu, nione kama kalitunga mwenyewe ili anifurahishe. Sikuona kitu. Jumanne ijayo nitatoka mapema zaidi, harufu ipate muda wa kuondoka.